Tarabai wa Bangili Nne

Si kweli kwamba Tarabai binti Sleyum ni mtoto wa Muhindi. Si kweli kwamba marehemu baba yake alikuwa na jambo na mwuguzi, wala kwamba Fakhriya aliletewa kichanga cha watu kwa mlango wa nyuma akakilea kwa kutafuta thawabu. Maneno haya yametembea huku Oman kutoka Ibra mpaka Nizwa, yakapumzika Izki, yakanywa kahawa Samail, na kila yalipotua yaliongezwa sukari. Waliokuwepo wengi wamekufa. Wasiokuwepo ndio wanaosimulia. Basi na yaandikwe mara moja, kama yalivyokuwa.

Fakhriya alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Malindi, akasoma mpaka akawa mwalimu wa skuli ya wasichana. Akaolewa na Sleyum bin Marhoun, karani, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'arishwa. Mtoto wao wa kwanza alikufa kabla hajaota meno. Wa pili alikufa akiwa anaanza kusimama kwa kushika kitanda. Baada ya hapo ukaja mwaka wa sitini na nne, watu wakatawanyika, nao wakajikuta Mombasa katika chumba cha kupanga. Nchi ya mababu ilipofunguliwa wakaja Oman, wakateremkia Ibra kwenye nyumba ya udongo ya babu yake Sleyum. Huko Fakhriya akazaa mtoto wa tatu, mvulana, na kabla ya mwaka kugeuka wakamzika nyuma ya mashamba ya mitende.

Siku ile ya mazishi wanawake wa ukoo walikuja kumpa pole. Hawakujua Kiswahili, na Kiarabu chake yeye kilikuwa cha vitabu. Walimkuta amekaa na ungo mapajani anachambua mchele. Wakamwambia auweke kando. Akauweka. Wakamwambia alie, kilio kinapunguza. Akawatazama kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Walipoondoka aliuchukua tena ungo. Tangu siku hiyo moyo wake ulikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: upo, unakwenda nao, lakini ukiubana huusikii.

Mama mkwe wake, Bi Mahbouba, hakuwa mtu wa kukaa kimya. Fakhriya aliposhika mimba ya nne, bibi alingoja mpaka Sleyum akatoka kwenda kazini, akamkalisha mkwewe.

"Mwanangu, watoto wako hawakai," alisema. "Huyu hatutamngoja afe. Huyu tutamuuza."

Wa Unguja wa zamani hawahitaji kuelezwa. Wengine na waelezwe. Mwanamke ambaye kazi yake imekuwa kuzaa na kuzika, mtoto anayefuata huwekwa kwenye ungo pamoja na taka za kufagia, akatolewa nje ya mlango. Huja mtu mgeni, ambaye watoto wake wako hai, akamwokota. Hupatana bei. Hulipa kitu, si fedha, na yeye ndiye ampaye jina. Kisha humrejesha kwa mama yake kama anayemweka kwa jirani. Tangu hapo mama ananyonyesha mtoto wa mwenzake. Hasemi "mwanangu", wala mtoto hamwiti yeye mama. Mauti yakija kutafuta mtoto wa fulani, hayamkuti. Aliyepo ni wa mtu mwingine. Mtoto akikua, kabla ya kuolewa, mama hukirejesha kile kitu alicholipwa, akamchukua mwanawe mbele ya watu. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, haina zaidi.

Fakhriya alikuwa mwalimu. Aliwahi kuwafundisha wasichana kwamba malaria huletwa na mbu. Hakuyaamini ya Bi Mahbouba, lakini hakuwa na mtoto wa ziada wa kujaribia. Akasema vyema.

Ilibaki kumpata mnunuzi. Jamaa wa Ibra wasingefaa. Wangesema hawa wa Zinjibari wameanza uchawi wao. Kwenye kituo cha afya kipya palikuwa na mwuguzi wa Kihindi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Jina lake lilikuwa Sulochana, kwao Kolhapur, na wanawe wawili wa kiume aliwaacha kwa bibi yao. Kila mtu alimwita Sista. Yeye ndiye aliyemzalisha Fakhriya mwaka wa sabini na mbili, na alipokuja nyumbani kukitazama kitovu alimkuta mtoto nje ya mlango, kwenye ungo, kati ya makapi na majani makavu ya mtende.

Bi Mahbouba alikaa miaka mingi Unguja, mtaa wa Hurumzi, mbele ya maduka ya Wahindi, akachuma humo Kihindi cha kununulia nguo. Kwa Kihindi hicho, na kwa Kiingereza cha Fakhriya kutoka ndani, Sista alielezwa. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akachutama.

"Hata kwetu yako haya," alisema. "Mtoto wa namna hii tunamwita Jiwe, ili mauti yamdharau yapite."

"Basi mwite Jiwe, tumalize. Jua linamchoma," Bi Mahbouba akasema.

"Ibra ina mawe ya kutosha, Bibi."

Sista akavua bangili nne za kioo cha kijani mkononi mwake, moja moja, akaziweka kwenye ungo. Akamnyanyua mtoto. Akasema anamwita Tarabai. Hilo lilikuwa jina la malkia wa upande wa kwao, zamani za farasi na ngome. Malkia yule alifiwa na mume, mwanawe bado mdogo, akapanda farasi mwenyewe akawaongoza askari, na maadui walimkuta juu ya kilima chake asitetereke.

Bi Mahbouba hakupenda. Alitaka jina baya, jina la takataka, na hapa amepewa la kifalme. Alinung'unika kwamba huko ni kuyaita mauti kwa ngoma na tarumbeta. Lakini mnunuzi ameshalipa, na mnunuzi ndiye mwenye jina. Sista akaingia ndani, akamweka mtoto mikononi mwa Fakhriya, akamwambia kwa upole amtunzie.

Fakhriya alimpokea kama mtu anavyopokea sahani ya jirani: kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akijua itarejeshwa. Bangili akazitia katika kopo tupu la maziwa ya Nido, akalifungia sandukuni.

Sleyum aliporudi kutoka kazini alielezwa. Mdogo wake, Nadhir, alisema ni aibu mtoto wa kabila lao kuwa na jina la Kibaniani, na akataka aandikishwe Shukriya. Sleyum alivua viatu, akavipanga.

"Jina limeshanunuliwa," alisema, na kwenye pasi ya kusafiria akaandikisha Tarabai.

Mtoto akaishi. Surua ilipita nyumba kwa nyumba ikamruka. Akaota meno, akasimama, akatembea, akavuka umri wa wote waliomtangulia. Fakhriya alishika sharti lake bila kukosea hata mara moja. Nywele za mtoto hazikunyolewa mpaka Sista alipotoa ruhusa. Kila Idi sahani ya kwanza ya biriani ya mboga ilikwenda kwa Sista. Na kila aliyeuliza mtoto ni wa nani alijibiwa vilevile. Siku moja kwenye falaj, mfereji wa maji wa kijiji, wanawake wakifua, Rahila, mke wa binamu yake Sleyum, mtu wa Ibra asiyepata kuvuka bahari, alimpapasa mtoto mashavu akauliza kwa Kiarabu, huyu mzuri ni wa nani?

"Wa Sista," Fakhriya akajibu, akaendelea kukamua shuka.

Unguja mwanamke angesikia hivyo akaitikia Mungu amkuze, akanyamaza, kwa sababu angeelewa kila kitu. Rahila naye alielewa kila kitu, kwa namna yake. Alimtazama mtoto, mweusi kidogo wa macho makubwa, akasikia jina lake, akamsikia anamwita mwenye kumlea Bi Fakhriya, si mama. Akaenda zake na ndoo yake. Hakusema uongo. Alirudia alichoambiwa na mwenyewe, na hapo ndipo uvumi wote ulipotoka. Haukutoka penginepo.

Bi Mahbouba alifariki. Sista akahamishiwa Sur. Kabla hajaondoka alikuja kumwona Tarabai, akamsuka nywele, akacheka naye, wala hakugusia bangili. Pengine kwake ulikuwa ukarimu tu wa siku moja. Mwaka wa themanini na tatu gari la Sleyum lilipinduka njia ya Izki. Fakhriya akakaa eda. Waliokuja kumtazama wakasema wajane wengine huonekana wamevunjika, huyu anaonekana amepigwa pasi. Eda ilipokwisha akarudi kufundisha. Aliwasahihishia wanafunzi kazi zao kwa kalamu nyekundu, mstari umenyooka.

Tarabai alikuwa kinyume chake, mwepesi wa kucheka. Skuli walimwita Hindiya, wakamwambia awachezee ngoma za kwao. Yeye akawajibu kwamba malkia hachezi, huchezewa, basi waanze. Nyumbani alikuwa akilitikisa kopo la Nido na kusikiliza.

"Bei yangu bangili nne, Bi Fakhriya. Hata kuku wa Idi ananishinda."

Fakhriya alimwambia aliweke kopo, vioo hivyo vitavunjika.

Mwaka wa themanini na tisa ikaja posa kutoka Nizwa. Kijana aliitwa Hilali bin Sinan, mtu wa shirika la umeme, na Tarabai alikwisha kumwona harusini kwa watu, akamtaka. Watu wake walikuwa Waomani wa bara. Mama yake, Bi Umkulthum, alikulia Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kizito na cha haraka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka maneno ya Ibra yakamfikia. Hakuivunja posa. Alimtuma mtu kwa Nadhir, aliyekuwa walii wa msichana, kusema kwamba atakuja na dada yake, na ana swali moja la kumuuliza mama wa nyumba, uso kwa uso. Akilijibu, harusi ipo. Asipolijibu, wameonana kwa kheri.

Nadhir alikuja siku hiyohiyo. Alisema jambo lenyewe ni jepesi: Fakhriya aseme mtoto ni wake, na jina libadilishwe liwe Shukriya kama alivyotaka yeye tangu zamani.

Fakhriya akamwambia hawezi kusema hivyo kabla ya kurejesha bangili.

"Shemeji, wewe mwalimu," Nadhir alisema. "Mambo hayo ya Unguja yalibaki Unguja. Na ni makosa katika dini."

"Najua."

"Sasa?"

"Nipeleke Sur."

Alimpeleka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Tarabai alikaa nyuma na kopo mapajani. Walipita mchanga na miti ya mighafu, wakafika Sur adhuhuri. Hospitali walimkuta mwuguzi kijana wa Kerala. Akawaambia Sista Sulochana amestaafu, amekwenda kwao, na hakuna ajuaye anuani yake. Alisema alikuwa mtu mzuri. Akauliza kama kuna jambo lolote jingine. Fakhriya akasema hakuna, akamshukuru.

Nje, Nadhir aliuliza kama wanunue samaki maadamu wamefika pwani. Wakanunua samaki.

Njiani kurudi wakaupita mji wa Al Kamil. Fakhriya alikuwa akitazama nguzo za umeme zikija na kwenda. Alijua kwamba angepaswa kuona uchungu, akautafuta kidogo, kama mtu anayepapasa miwani mezani, akauacha. Mnunuzi hayupo. Bibi aliyejua sharti hayupo. Hakuna wa kumuuliza kama mtoto asiyekombolewa anaweza kuitwa na mama yake asife. Akinyamaza mbele ya Umkulthum, msichana atabaki mtoto wa haramu midomoni mwa watu mpaka kaburini, na jina la Sleyum litaoshwa na kila mwenye maji machafu. Akisema, huenda akamuua. Aliyapima yote mawili, na yote mawili yalikuwa na uzito uleule.

Tarabai alisema kutoka nyuma, taratibu, ili ammi yake asisikie vizuri.

"Bi Fakhriya, mimi sikuombi uniweke hai. Nakuomba uniite."

Fakhriya hakugeuka. Alimwambia aangalie samaki wasimwagie maji kanzu.

Siku ya ahadi wageni wakaja baada ya alasiri. Bi Umkulthum alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mkono mzito wa kupeana salamu. Dada yake, Kaltham, alikula halwa muda wote. Waliuliziana hali, wakauliziana jamaa, wakasifu nyumba mpya ya saruji. Fakhriya aliwamiminia kahawa mwenyewe. Tarabai alikuwa ukumbini, nyuma ya pazia la mlango, na sinia ya matunda mkononi, akingoja kuitwa.

Bi Umkulthum akaweka kikombe.

"Dada yangu, mimi nimekulia bara, sijui kuzungukazunguka. Nimeambiwa huyu binti si wako, na nimeambiwa ni wewe mwenyewe uliyesema. Watu wa Ibra wameapa. Wewe umeyasema hayo au hukuyasema?"

"Nimeyasema," Fakhriya alijibu. "Miaka kumi na saba nimeyasema."

"Kwa nini?"

Angeweza kueleza. Alikuwa na maneno, na aliyajua kuyapanga. Lakini alijiona mwenyewe, mwalimu, anamsimulia mgeni habari za ungo na makapi, na mgeni anamtazama dada yake. Aliona ni bora jambo liende bila nguo kuliko kwenda na nguo hizo.

"Nilizika watoto watatu," alisema. "Huyu sikutaka kumzika. Kwetu ipo njia ya kumficha mtoto, nami niliifuata. Huyu ni mwanangu. Nimemzaa mimi, na Sleyum bin Marhoun ndiye baba yake. Tarabai ni mwanangu."

Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Angesema hivyohivyo kwamba saa imefika ya watoto kuingia darasani. Nyuma ya pazia sinia ilitikisika, chungwa likaanguka, likabiringika mpaka miguuni mwa Kaltham. Kaltham akaliokota, akalipangusa, akaliweka kando ya halwa.

Bi Umkulthum akakisukuma kikombe kando.

"Mimi nimezika wawili, Ujiji," alisema. "Basi, limekwisha. Na jina? Shemejio ameniambia litabadilishwa."

"Jina halibadilishwi. Mtoto ni wangu. Jina si langu, nilipewa nilitunze, na mwenyewe hayupo nimrudishie."

"Jina la nani hilo?"

"La malkia wa nchi ya mwuguzi aliyempa. Alikuwa na farasi na ngome."

Bi Umkulthum alitazama dari, kama anayepigia hesabu vyumba vya nyumba yake.

"Farasi hatuna," alisema. "Lakini ngome Nizwa ipo. Hatakosa pa kukaa. Mwite aje, hiyo sinia itamwangusha."

Tarabai akaingia. Uso ulikuwa umelowa, naye hakuufuta. Akawabusu wageni mikono, na alipofika kwa Fakhriya akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza. Fakhriya akaitika marahaba. Aliona machozi ya msichana yameangukia kwenye mkeka, akakumbuka kwamba mkeka ule ni mpya, na kwamba kabla ya kulala atauanika. Hayo ndiyo aliyoyawaza. Aliwekelea kiganja chake juu ya kichwa cha mwanawe, akakiacha hapo, na kiganja kilijua kazi yake hata kama yeye hakuisikia.

Baada ya hapo alingoja. Kila asubuhi alimgusa Tarabai paji la uso, kabla hajaamka, kutazama kama kuna homa. Hapakuwa na homa. Katika kufunga ndoa, kule Nizwa, shekhe alilisoma jina, akasita, akalisoma tena, Tarabai binti Sleyum bin Marhoun, na wanaume wote waliokuwapo wakalisikia, Nadhir akiwa mbele yao. Wanawake wakapiga vigelegele. Fakhriya alikuwa amekaa kati yao, amevaa vizuri, na kila mtu alimpongeza, naye akamjibu kila mtu kwa jina lake. Hofu ilikuwa imeondoka. Aliingoja furaha ije kukaa mahali pake. Mahali palibaki wazi. Gari la bibi harusi lilipoondoka alisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia, akasema kwaheri mwanangu, akaingia ndani kuhesabu sahani za watu zilizoazimwa.

Tarabai yu hai. Ana mume, ana watoto, na watoto wake wana majina ya Kiarabu aliyoyachagua mwenyewe. Bangili bado ziko katika kopo la Nido, zote nne nzima, kwa sababu mtu hauzi amana wala haivai.

Haya ndiyo yaliyotokea. Anayetaka kujua Fakhriya alilia lini, au kama alilia, au alimwambia nini bintiye faraghani, hataambiwa. Anayetaka kujua nani kati ya watu wa Ibra amekuja kuomba radhi na nani hakuja, hataambiwa vilevile. Rahila ni mke wa mtu na ana wajukuu. Jina la msichana limeelezwa, nasaba yake imeelezwa. Zaidi ya hapo hapasemwi neno.